Maduka Madogo ya Woolwich na Kile Kinachoyashikilia

Ndugu zangu wa Musoma wakisikia naishi Kanada, picha inayowajia ni Toronto na maghorofa yake. Mimi riziki yangu naipatia kwingine kabisa. Niko Woolwich, halmashauri ya vijijini katika jimbo la Ontario, kaskazini mwa jiji la Waterloo, kiasi cha kilomita 110 magharibi ya Toronto. Ina watu wapatao 27,000, na wametawanyika kwenye miji midogo na vijiji: Elmira, St. Jacobs, Conestogo, Breslau, Maryhill, Heidelberg, West Montrose. Kati ya kijiji na kijiji ni mashamba ya mahindi, soya na majani ya ng'ombe, na mito miwili, Grand na Conestogo, inayopindapinda humo mpaka inakutana.

Nilianza kwa kupanga na kuuza mboga kwenye kibanda cha mkulima mmoja katika soko la St. Jacobs. Baadaye nikapata meza yangu, nauza sambusa, chapati na achari. Haya ninayoyaandika nayaandika kwa ajili ya wenzangu wanaouza vitu vidogovidogo, awe yuko Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Kwetu tunamsifu sana mpambanaji, mtu aliyeanza na beseni moja akafika hapo alipo kwa jasho lake. Woolwich wapambanaji wapo, tena wanaamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya kugandisha mate. Lakini kila biashara ndogo niliyoitazama kwa karibu huku imeegemea kitu ambacho si cha mtu mmoja. Ukikiondoa hicho, jasho peke yake haliwafikishi mbali. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, na nitalieleza kwa kupita mahali hadi mahali.

Nilikuwa na sababu ya kuwatazama watu wa huku kwa macho mawili. Nimelelewa katika Kanisa la Mennonite Tanzania. Mkoa wa Mara nani asiyeijua Shirati, mahali wamisionari wa Kimennonite walipofungua kituo chao mwaka 1934, na hospitali yake inayopokea hadi wagonjwa wa kutoka upande wa Kenya. Wamisionari wale walitumwa na kanisa la Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani. Na Wamennonite waliohamia bonde la mto Grand mwanzoni mwa miaka ya 1800 nao walitoka Pennsylvania, wakaja na magari ya kukokotwa na farasi kutafuta mashamba mapya baada ya Marekani kujitoa mikononi mwa Uingereza. Kwa hiyo nilipofika nilijihesabu mgeni aliyefikia kwa ndugu wa mbali wa waliowabatiza babu zangu.

Ardhi yenyewe haikuwa tupu, na hilo halifai kurukwa. Mwaka 1784 gavana Haldimand, kwa niaba ya Uingereza, aliwapa watu wa Mataifa Sita, muungano wa makabila ya wenyeji wa asili, ukanda wa maili sita kila upande wa mto Grand. Eneo ambalo leo ni Woolwich lilikuwa kipande cha ukanda huo kabla ya kuuzwa kwa walowezi, na madai ya Mataifa Sita juu ya jinsi ardhi yao ilivyoondoka mikononi mwao hayajaisha mpaka leo.

Wamennonite wengi wa Kanada siku hizi huwezi kuwatofautisha na jirani yeyote. Woolwich, hata hivyo, ina wale wa Mfumo wa Kale, waliojitenga na wenzao mwaka 1889 kwa kuona kanisa linakimbilia mambo mapya upesi mno. Wanaume wamevaa kofia nyeusi na kanda za suruali, akina mama magauni marefu na vilemba vidogo vya kufungwa kidevuni. Umeme, simu ya mezani na trekta wanatumia. Gari, televisheni na intaneti hapana. Watoto wanasoma kwenye shule zao wenyewe, wanaishia darasa la nane. Kanisani wanaimba Kijerumani bila chombo chochote, nami niliyekulia kwenye kwaya ya magitaa, kinanda na spika mbili kubwa nilikaa kimya kwa mshangao nilipowasikia. Kodi wanalipa kama wengine, ila pensheni na ruzuku za serikali hawachukui. Ghala la mtu likiungua, wanakuja wanaume na nyundo zao na wanawake na masufuria, na baada ya muda mfupi ghala jipya limesimama.

Ukiendesha gari kwenye barabara za vijijini huku, utaona pembezoni pameachwa nafasi pana kuliko kawaida, kwa ajili ya farasi. Elmira mjini kuna maduka yaliyojenga mabanda ya kufungia farasi pembeni ya maegesho ya magari. Siku ya baridi kali farasi huwa amefunikwa blanketi, anatoa mvuke puani, na mwenyewe yuko ndani ananunua misumari.

Njia ya kuingilia shambani ndiyo mlango wa duka. Kwenye lango kuna kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono: mayai, viazi, maua, mablanketi ya viraka, fanicha, tunatengeneza lijamu na matandiko ya farasi. Chini yake, karibu kila kibao, neno lilelile: Jumapili hatuuzi. Niliwahi kupeleka mkoba wa ngozi uliokatika mkanda kwa fundi mmoja wa matandiko. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, inanuka ngozi na mafuta ya kulainishia, ukutani zimening'inia hatamu kwa urefu na upana tofauti. Aliugeuzageuza mkoba, akaniambia mshono wa kiwandani ulikuwa mwepesi tangu mwanzo, akashona kwa uzi wa nta palepale nikisubiri. Nikamuuliza kwa nini hapanui karakana, maana kazi ilikuwa imemrundikia mezani. Akasema akipanua ataajiri watu asiowajua, na wanawe watajifunza kusimamia badala ya kushona. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Kwetu tunachukulia kwamba biashara isiyokua imekufa. Kwa yule baba, ukubwa wa karakana unapimwa kwa watoto wangapi wanaweza kufundishwa kazi wakiwa nyumbani.

Sasa, St. Jacobs. Kijiji chenyewe unakimaliza kwa mguu kabla chai haijapoa: barabara moja kuu, maduka pande zote mbili, na njia ya miguu inayofuata mfereji wa zamani wa kinu cha unga. Lakini hapo ndipo yalipo makao makuu ya Home Hardware, maduka ya vifaa vya ujenzi na vya nyumbani ambayo Mkanada yeyote anayajua. Hadithi yake inafaa isimuliwe kwenye kila chama cha wafanyabiashara wa kwetu. Walter Hachborn aliajiriwa kama kijana wa dukani kijijini hapo mwaka 1938. Miaka ilivyokwenda, maduka makubwa ya miji yakaanza kuwabana wenye maduka madogo, kwa sababu mkubwa akinunua kwa wingi hupata bei ambayo mdogo hawezi kuiota. Hachborn na wenzake wakawaendea wenye maduka mmoja mmoja, na mwaka 1964 wenye maduka 122 wakawa na ghala lao la pamoja la kununulia jumla. Kila mmoja akabaki na duka lake, kijiji chake na wateja wake. Kilichounganishwa ni ununuzi, usafirishaji na jina. Leo maduka hayo yamepita 1,000, yameenea Kanada nzima, na wenye maduka ndio wenye kampuni.

Najua kwetu neno ushirika lina makovu. Wachagga walikuwa na KNCU yao ya kahawa tangu 1933, na ilisimama vizuri. Kisha mwaka 1976 serikali ya Tanzania ikavunja vyama vikuu vya ushirika, na viliporudi miaka ya themanini wengi walikuwa wameshapoteza imani. Baba yangu hakutaka hata kusikia habari za chama cha pamba. Simlaumu. Lakini ninaloliona St. Jacobs ni kwamba ghala la pamoja linaendeshwa na wale wale wanaonunua humo kila wiki. Mali ikichelewa, aliyechelewewa ana kura. Bei ikipandishwa, aliyepandishiwa ana kura. Hapo kuna tofauti kubwa na chama ambacho meneja wake anateuliwa na mtu asiyewahi kulima hata tuta moja.

Soko ninalouzia liko kusini mwa kijiji. Lilianza mwaka 1975, jirani na mnada wa ng'ombe, na hufunguliwa Alhamisi na Jumamosi mwaka mzima, theluji isitheluji, na Jumanne pia wakati wa kiangazi. Wakulima wa Kimennonite wanauza mahindi mabichi, shira, soseji na jibini. Pembeni yao utakuta Mreno na zeituni zake, Mhindi na viungo vyake, na mimi na sambusa zangu. Foleni ndefu kuliko zote ni ya vitumbua vya tufaa, vipande vya tufaa vinavyochovywa kwenye uji wa unga, vikakaangwa na kunyunyiziwa sukari na mdalasini, na watu wanasimama hata nusu saa kuvipata.

Tarehe 2 Septemba 2013 jengo kuu la soko, la mbao tupu, liliungua usiku likaisha. Mimi sikuwepo bado, ila wauzaji wa zamani wanalisimulia kana kwamba ni jana. Siku chache baadaye soko likafunguliwa tena kwenye eneo la nje, na waliokuwa na meza nje wakabanana ili kuwapa nafasi wenzao waliopoteza kila kitu ndani. Jengo jipya lilifunguliwa 2015. Mama mmoja anayeuza mikate aliniambia kwamba wateja walikuja kwa wingi kuliko kawaida wiki ile ya kwanza, wakanunua hata walichokuwa nacho nyumbani. Niliposikia hayo nilikumbuka masoko yetu yanayoungua kila baada ya miaka, na muuzaji anavyobaki na majivu, deni la mkopo na maneno ya pole.

Hata sambusa zangu zina kitu cha pamoja nyuma yake. Sheria za afya za hapa haziruhusu nipike nyumbani kwa watoto na paka nikauze sokoni. Jiko lazima likaguliwe. Kujenga jiko la namna hiyo ni mtaji ambao sikuwa nao. Kanisa moja lina jiko kubwa lililokaguliwa, wanalikodisha kwa saa kwa bei ya kusaidiana, nami nakunja sambusa zangu humo usiku wa kuamkia soko. Tuko kadhaa tunaopokezana. Kuna ratiba ukutani, kuna ndoo ya kila mmoja ya vifaa vyake, na mtu akiacha mafuta kwenye sinki anaambiwa waziwazi.

Kitu kilichonivuta kuliko vyote ni mnada wa mazao wa karibu na Elmira. Mwaka 2003 ng'ombe mmoja katika jimbo la Alberta aligundulika ana ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na nchi za nje zikaifungia mipaka nyama ya Kanada. Bei ya ng'ombe ikaanguka nchi nzima, na wakulima wadogo waliotegemea mifugo wakatafuta njia nyingine. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mnada wa matunda na mboga, ushirika wa wakulima wenyewe, wengi wao wa magari ya farasi.

Siku ya mnada mikokoteni inapanga mstari kuingia bandani, mingine inavutwa na trekta, mingine na farasi. Kila fungu la mazao lina kikaratasi: jina la zao, idadi ya makreti, namba ya mkulima. Dalali anapanda juu, anaimba bei kwa kasi ambayo mgeni haelewi neno, huku karani pembeni yake anaandika. Wanunuzi, wenye migahawa, wenye vibanda kama mwajiri wangu wa kwanza, na hata maduka ya mjini, kila mmoja ana namba yake. Anainua kidole tu. Makreti ya nyanya yamepanda, yamefika, yameuzwa, mkokoteni unasogea, unaofuata unaingia. Anayenunua analipa ofisini kabla ya kupakia. Mkulima analipwa na ofisi, si na mnunuzi, na mnada unakata asilimia yake ya kuendesha banda.

Tazama mambo yaliyotatuliwa hapo kwa mpigo mmoja. Mkulima mwenye robo ekari ya matango hapati mnunuzi mkubwa peke yake, lakini hapo mnunuzi mkubwa anakuja mwenyewe kwa sababu kuna wakulima wengi. Mkulima asiye na gari wala intaneti anafika sokoni kwa farasi. Bei inasikika na watu wote, hakuna anayeambiwa pembeni kwamba leo soko limelala. Na mazao yanayoingia lazima yawe yamelimwa jirani, kwa hiyo hakuna mjanja wa kuleta shehena kutoka nje na kujifanya mkulima. Mimi nimekua nikiona mama zangu wadogo wakiuza nyanya kwa dalali anayekutana nao njiani alfajiri, tenga limejazwa mpaka lina kichwa, bei anaitaja yeye, na malipo atayaleta kesho kutwa. Uchungu wa jambo lile sikuujua kina chake mpaka niliposimama kwenye banda la Elmira.

Mwishoni mwa majira ya baridi inakuja kazi ya shira ya mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Usiku barafu igande, mchana iyeyuke, ndipo utomvu unapopanda na kushuka ndani ya mti. Wanatoboa tundu dogo, wanapachika bomba, utomvu unadondoka kwenye ndoo au unapita kwenye mipira mpaka kibandani. Ukiuonja ni maji yenye utamu wa mbali. Inahitajika takriban lita 40 za utomvu kupata lita moja ya shira. Nimeingia kwenye kibanda cha kuchemshia cha familia moja, mvuke umejaa huwezi kuona aliye mbele yako, nywele zinanata, kuni zinaliwa kwa kasi. Mzee wa nyumba alisimama kwenye sinia refu la bati lenye vyumba, utomvu ukiingia mwembamba upande mmoja na kutoka mzito wa rangi ya chai upande wa pili. Kipimajoto kikipita kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi kama nne, anafungua bomba. Hachelewi hata dakika, maana ikiungua kazi ya siku nzima imepotea.

Elmira wamekuwa na tamasha la shira tangu mwaka 1965. Barabara kuu, Arthur Street, inafungwa magari, mji mdogo unamezwa na wageni. Mwaka 2000 walihesabiwa zaidi ya watu 66,000 kwa siku moja, wakaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Wanaokaanga chapati za maji, wanaoelekeza magari na wanaofagia jioni ni watu wa kujitolea, na faida inagawiwa kwa vikundi vya kijamii vya eneo hilo. Mwenye duka la viatu anayetoa siku yake kukaanga unga anajua vizuri kwamba mgeni aliyekuja kwa shira atarudi siku nyingine kwa viatu.

Kuna upande mwingine wa habari hii, na ningekuwa nawaficha wasomaji kama nisingeusema. Elmira hainywi maji ya visima vyake. Mwaka 1989 iligundulika kwamba maji ya chini ya ardhi yana kemikali iitwayo NDMA, inayohofiwa kusababisha saratani, iliyotoka kwenye kiwanda cha kemikali cha hapo mjini. Kwa miaka mingi taka zake zilikuwa zikimwagwa kwenye mashimo, na miaka ya sitini kiwanda hicho kilitengeneza hata dawa ya kukausha majani ambayo jeshi la Marekani liliitumia Vietnam. Visima vikafungwa, bomba likavutwa kutoka Waterloo. Tangu hapo maji ya ardhini yanavutwa, yanasafishwa, na lengo lililowekwa lilikuwa yafae kunywewa ifikapo 2028. Wakazi wa kawaida, walimu na wakulima, wamekaa vikao vya jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, wakajifunza kemia ukubwani ili wasidanganywe.

Kiwanda kile kilitoa ajira nzuri, na wazee wa Elmira hawakatai. Lakini maji ya chini ya ardhi yalikuwa kitu cha pamoja kuliko hata mnada na soko, na hayakuwa na kamati, hayakuwa na karani, hayakuwa na ratiba ukutani. Nikifikiria Ziwa Nyanza, mwalo wetu, dagaa wanaoanikwa mchangani na maji machafu yanayoshuka kutoka mjini na migodini, moyo unaniuma.

Shemeji yangu anafanya biashara ya dagaa Musoma. Nimemsimulia habari za mnada kwa ujumbe mrefu wa sauti, kikaratasi, namba, dalali anayesikika na wote. Hakuniuliza habari za farasi kama wengine wote. Aliuliza maswali ya mtu anayetaka kuanza: "Shemeji, pesa inakaa kwa nani kati ya saa ya kuuza na saa ya kulipwa? Na mnunuzi akikataa mzigo baada ya kuinua kidole, hasara inamwangukia nani?" La kwanza nimemjibu, kwamba inakaa ofisini, na ofisi inasimamiwa na wakulima. La pili amelitaka kwa undani, na maandishi yake kama yapo. Mnada unafunguliwa tena majira ya kuchipua, yakianza kuingia maua na mboga za mwanzo, na nimeshamwomba karani mmoja ninayefahamiana naye anitengee muda siku ambayo mikokoteni si mingi.